Gunpei Yokoi na Teknolojia Iliyonyauka

Kampuni iliyomwajiri Gunpei Yokoi mwaka 1965 ilikuwa ya karata. Nintendo ilianzishwa mjini Kyoto mwaka 1889 na Fusajiro Yamauchi, ikitengeneza hanafuda, zile karata ndogo nene zenye michoro ya maua ya kila mwezi, na zaidi ya miaka sabini baadaye riziki yake ilikuwa bado inatoka kwenye karata. Yokoi alizaliwa mjini humo humo mwaka 1941 na kusomea elektroniki katika Chuo Kikuu cha Doshisha. Hakuwa mwanafunzi wa kutajwa. Makampuni makubwa ya umeme aliyoyaomba kazi yalimkataa, na Nintendo ilikuwa karibu na kwao. Akapewa kazi ya kuangalia mashine za kutengenezea karata. Mashine zenyewe hazikusumbua sana, kwa hiyo msomi wetu akawa anashinda kiwandani hana la kufanya.

Kupitisha muda, akajitengenezea mkono wa vijiti vilivyopishana, ambao ukibana mishikio yake unarefuka ghafla na kudaka kitu kilicho mbali. Hiroshi Yamauchi, kitukuu wa mwanzilishi na mkuu wa kampuni, akapita kiwandani na kumkuta nao. Yokoi alipoitwa ofisini alijiandaa kukaripiwa. Badala yake aliambiwa aufanye kitu cha kuuzwa. Ultra Hand ilitoka mwaka 1966, ikauzwa zaidi ya milioni moja, na mwangalizi wa mashine akahamishiwa kwenye kazi ya kubuni vitu vya kuchezea.

Wanaosimulia maisha yake huharakisha hapa ili wafike kwenye Game Boy, mashine ya gemu ya mkononi. Mimi napenda kukawia, maana miaka hii ya vitu vya watoto ndiyo iliyomfundisha karibu kila alichokuja kukijua. Mwaka 1969 alitoa Love Tester, kidude kinachodai kupima mapenzi. Mvulana anashika waya mmoja, msichana anashika mwingine, halafu wanashikana mikono yao iliyo huru. Mshale unapanda au haupandi. Ndani yake hamkuwa na siri yoyote zaidi ya kipimo cha kawaida cha umeme, kinachosoma jinsi mkondo unavyopita kwenye ngozi yenye jasho. Yokoi mwenyewe alikiri baadaye kwamba shabaha yake ilikuwa kupata kisingizio cha kushika mikono ya wasichana, na katika Japani ya wakati ule kisingizio kama hicho hakikuwa kitu kidogo. Kifaa kilikuwa duni. Kilichofanya watu wakinunue ni hicho kilichotokea kati ya wawili waliokishika.

Mwaka uliofuata zikaja bunduki za mwanga. Masayuki Uemura wa kampuni ambayo leo tunaijua kwa jina la Sharp alikuwa akitafuta wateja wa seli za jua, vile vipande vinavyogeuza mwanga kuwa umeme. Yokoi akaviona si kama chanzo cha umeme bali kama shabaha: ukifyatua bunduki yenye taa, seli inahisi mwanga, chupa ya plastiki inaruka vipande vipande. Bunduki zikauzika, na Uemura akahamia Nintendo. Kisha mwaka 1972 likaja gari la Lefty RX. Magari ya kuchezea ya kuongozwa kwa redio wakati huo yalikuwa ya bei mbaya, kwa kuwa kila amri, kulia, kushoto, mbele, ilidai njia yake ya mawimbi na vipuri vyake. Yokoi akabakiza amri moja. Gari lake lilikwenda mbele, na ukibonyeza lilikata kushoto. Kulia halikati. Ukitaka kwenda kulia, zunguka kushoto mpaka ufike. Ukiyapanga magari mawili matatu kwenye njia ya mviringo, mashindano yanakuwa yale yale kama ya magari ya bei kubwa, sababu kwenye mviringo nani anahitaji kukata kulia?

Kwa namna hii ya kufikiri alikuwa na jina, ambalo kwa Kiswahili tunaweza kusema ni kuifikiria kwa upande mwingine teknolojia iliyokwisha kunyauka. Iliyonyauka kwake haikuwa takataka. Ilikuwa teknolojia iliyozagaa kiasi kwamba bei yake imeshuka, watengenezaji wake ni wengi, na kasoro zake zote zimeshajulikana na kuzoeleka. Hiyo ndiyo ya kuchukua, halafu kazi ya mbunifu ni kuipa matumizi ambayo aliyeigundua hakuyawaza. Msomaji wa kwetu huenda akamkumbuka mara moja fundi anayegeuza kopo la maziwa kuwa kibatari. Wanafanana, lakini si sana. Yule fundi hana kingine cha kutumia. Yokoi alikuwa nacho kingine, kipya na king'aacho, kimewekwa mezani kwake na wauzaji wenye tai, akakiacha kwa hiari. Nadhani heshima yake yote imesimama juu ya huko kuacha.

Isidhaniwe kuwa falsafa hii iliiletea kampuni mvua ya fedha wakati wote. Mwaka 1973 Nintendo ilijaza kumbi zilizoachwa na mchezo wa bolingi kwa mitambo yake ya kulenga shabaha kwa mwanga. Ukaja mtikiso wa bei za mafuta, Wajapani wakafunga pochi, oda zikafutwa, na kampuni ikabaki ikilipa madeni kwa miaka.

Kilichoitoa humo kilianza, tena, na mtu asiye na la kufanya. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Yokoi alikuwa ndani ya treni ya kasi, Shinkansen, akamwona mwajiriwa mmoja amechoka, anabonyeza-bonyeza vitufe vya kikokotoo chake bila hesabu yoyote, kujiliwaza tu. Wengine tungetazama pembeni. Yokoi akawaza kifaa cha mchezo kidogo sana, cha mtu mzima anayeona haya kuonekana anacheza. Kiwe cha kushikwa kwa mikono miwili mapajani, vidole gumba vikifanya kazi na viganja vikificha.

Wazo lingeweza kufia hapo. Lakini siku moja dereva wa Yamauchi hakuwepo, na gari la bosi lilikuwa Cadillac lenye usukani wa kushoto, ambalo kiwandani ni Yokoi peke yake aliyeweza kuliendesha, kwa kuwa mwenyewe alikuwa mpenzi wa magari ya nje. Akampeleka mkuu wake mkutanoni Osaka na njiani, ili asikae kimya kama dereva, akamweleza habari ya kikokotoo cha kuchezea. Yamauchi hakuonyesha kuvutiwa. Mkutanoni akajikuta ameketi jirani na mkuu wa Sharp. Sharp na Casio zilikuwa zimepigana vita vya bei vya vikokotoo mpaka soko likajaa, na Sharp ilikuwa na skrini za kioo kimiminika, zile za kijivu za kwenye saa na vikokotoo, nyingi kuliko ilivyojua pa kuzipeleka. Haukupita muda watu wa Sharp wakabisha hodi Nintendo kumuulizia Yokoi. Naye labda alishasahau alichokisema barabarani.

Game & Watch ya kwanza, Ball, ilitoka tarehe 28 Aprili 1980. Ni mtu anayerusha na kudaka mipira, basi. Kwenye skrini hakuna kinachosogea kweli: kila hali ya mikono na kila mahali pa mpira pamechorwa tayari ndani ya kioo, na umeme unawasha kimoja na kuzima kingine. Ubongo wa mchezaji ndio unaoona mwendo. Pembeni kuna saa, kwa sababu kipande cha kikokotoo kilichowekwa humo kiliweza kuhesabu saa bila kuongeza gharama. Watu wazima aliowakusudia walizinunua, ila watoto walizinunua zaidi, na kufikia mwisho wa safu hiyo zilikuwa zimeuzwa zaidi ya milioni 43. Madeni ya Nintendo yakafutika.

Mwaka 1982 walitaka Donkey Kong iingie kwenye toleo la skrini mbili linalojikunja kama pochi. Mchezo ule unadai kwenda pande nne na kuruka, na ule wa kwenye kumbi za michezo ulichezwa kwa fimbo. Fimbo haijikunji. Vitufe vinne mbalimbali vinamlazimu mchezaji kutazama kidole kinakwenda wapi. Yokoi akaviunganisha kuwa msalaba mmoja bapa ulioegemea kitovu katikati: bonyeza upande mmoja, upande wa pili unainuka, na kidole gumba kinajua kiko wapi bila jicho kushuka. Mwaka uliofuata msalaba ule ulikuwa kwenye Famicom, mashine ya Uemura iliyofungua zama mpya za gemu za nyumbani, na haujaondoka tangu siku hiyo. Vijana wanaokodi dakika kwenye vibanda vya gemu vya Dar es Salaam au Nairobi, wanaposhika pedi ya PlayStation, vile vitufe vinne vya pande vilivyo chini ya dole gumba la kushoto ni wajukuu wa tatizo la pochi isiyoweza kukunjwa na fimbo.

Hiyo Donkey Kong yenyewe, ya mwaka 1981, tunaihusisha na Shigeru Miyamoto, na ndivyo ilivyo haki. Lakini Miyamoto alikuwa kijana mchoraji asiye na uzoefu wa gemu, na aliyewekwa kumsimamia ni Yokoi. Walipofanya pamoja Mario Bros. ya mwaka 1983, Yokoi alishauri Mario aweze kuanguka kutoka juu popote asidhurike. Katika Donkey Kong akianguka zaidi ya kimo chake anakufa. Miyamoto alisita, maana mtu anayeanguka hivyo bila kuumia si mtu tena. Walipojaribu ikawa tamu. Ukimwondolea Mario ruhusa ile ya kuruka na kuanguka bila hofu, sijui kinabaki nini.

Sasa Game Boy. Ilitoka Japani tarehe 21 Aprili 1989 kwa yeni 12,500. Skrini yake ilikuwa ya ukijani uliofifia, yenye vivuli vinne, bila taa. Gizani huoni kitu. Ubongo wake ulikuwa wa biti nane, wa ukoo wa vichakataji vya miaka ya 1970. Ndani ya Nintendo kwenyewe wapo walioicheka. Mwaka huo huo Atari ilileta Lynx yenye rangi na mwanga wa nyuma, na mwaka 1990 Sega ikaleta Game Gear, nayo ya rangi. Ukiviweka vitatu hivyo dirishani mwa duka, mtoto yeyote anaelekeza kidole kwenye rangi. Ila Lynx na Game Gear zilimeza betri sita ndogo kwa saa nne au tano hivi, na bei zao zilikuwa juu. Game Boy ilitumia nne na kudumu siku kadhaa za mtoto anayecheza kwa kiasi. Marekani iliuzwa dola 89.99 huku Lynx ikianza kwa dola 179.99 hivi. Mzazi ndiye anayenunua betri. Yokoi alilielewa hilo, na alipoambiwa kuwa washindani wanakuja na rangi, aliona nafuu.

Hakuona rangi kuwa adui wa betri peke yake. Aliwahi kueleza kwamba ukichora duara mbili ubaoni kwa chaki na kusema huyu ni mtu wa theluji, anayetazama ataiona theluji nyeupe bila kuletewa theluji. Kwake, kung'ang'ania picha ziwe kama za kweli kulikuwa kumdharau mchezaji, kana kwamba hana kichwa cha kujazia palipobaki wazi. Na ushahidi ulikuwa mkononi mwake. Gemu iliyoiuza Game Boy nje ya Japani ilikuwa Tetris, iliyobuniwa Moscow na Alexey Pajitnov mwaka 1984, ambayo haina mtu, haina mandhari, ina vipande vinavyoanguka tu. Mwanaanga Aleksandr Serebrov aliichukua, ndani ya Game Boy, mpaka kituo cha anga cha Mir mwaka 1993. Game Boy nyingine iliyounguzwa katika vita vya Ghuba, plastiki imeyeyuka na kujikunja, iliwekwa kwa miaka mingi dukani kwa Nintendo jijini New York ikiwa inawaka, Tetris ikicheza.

Hapa lazima niseme neno kuhusu sifa. Game Boy huitwa ya Yokoi, lakini Satoru Okada, mhandisi mkuu chini yake, alisimulia baadaye kwamba bosi wake alitaka kitu chepesi zaidi, mrithi wa Game & Watch wa kuchezewa msimu na kutupwa. Okada alitaka mashine ya kweli, ya kubadilisha kaseti, itakayoishi miaka. Wakabishana mpaka Yokoi akachoka akamwambia afanye atakavyo, naye atalibeba jukumu kwa Yamauchi. Simulizi hii haimpunguzii Yokoi kitu machoni pangu. Wabunifu wanaoshindwa na hoja ya mdogo wao kisha wakasimama mbele ya mkuu kuitetea ni wachache mno. Inapunguza tu ile tabia yetu ya kutaka kila kifaa kiwe na baba mmoja. Kebo ya kuunganisha Game Boy mbili ilikaa karibu bila kazi ya maana kwa miaka, mpaka Satoshi Tajiri alipoifikiria kama njia ya viumbe kusafiri kutoka mashine hii hadi ile. Pokémon zikatoka Februari 1996, wakati wengi walishaihesabu Game Boy kuwa mzee wa kuzikwa. Pamoja na mdogo wake wa rangi, iliuzwa zaidi ya milioni 118.

Halafu Virtual Boy. Kampuni ya Marekani, Reflection Technology, ilikuwa na teknolojia ya kuonyesha picha kwa mstari wa taa ndogo nyekundu na kioo kinachotikisika, ikihisiwa na macho kama kina cha kweli. Yokoi akavutiwa na lile giza lisilo na mwisho nyuma ya picha. Taa nyekundu zilichaguliwa kwa sababu ni rahisi na hazili umeme mwingi. Za buluu zilikuwa ghali. Kwa hiyo kanuni ya kunyauka ilikuwepo. Kifaa kilitoka Julai 1995, kikakaa mezani kwa miguu miwili, mchezaji akiinama na kuzamisha uso ndani yake. Watu walilalamika shingo na macho. Dunia ya nyekundu na nyeusi ikawachosha. Ziliuzwa kama 770,000 tu na biashara ikafungwa ndani ya mwaka.

Wengi wanasema kosa lilikuwa haraka: Nintendo ilikuwa na macho yote kwenye mashine yake nyingine, Nintendo 64, ikataka hiki kitoke kabla hakijaiva. Ni kweli, lakini sioni kama ndiyo sababu kubwa. Ultra Hand ilitokana na mikono isiyo na kazi, Love Tester na haya ya vijana, Game & Watch na mwajiriwa ndani ya treni. Katika hizo mtu alitangulia, kifaa kikamfuata. Virtual Boy ilianza na kifaa, kikiletwa kutoka nje, halafu akatafutwa mtu wa kukitumia. Na mtu aliyepatikana alifungwa macho. Huwezi kumwonyesha mwenzako ulichokiona, wala yeye hawezi kukucheka. Mbunifu aliyewahi kutengeneza mashine ya kushikana mikono akatengeneza mashine ya kuwa peke yako.

Aliondoka Nintendo tarehe 15 Agosti 1996, baada ya miaka 31, muda mfupi baada ya Game Boy Pocket kutoka. Magazeti yaliandika kwamba alitupwa kwa sababu ya Virtual Boy. Yeye alikanusha, alikuwa amepanga tangu zamani kujitegemea akiwa na umri wa miaka hamsini na kitu. Akafungua ofisi ndogo Kyoto, Koto Laboratory, na kuanza kuisaidia kampuni ya Bandai kubuni mashine mpya ya mkononi.

Tarehe 4 Oktoba 1997 alikuwa safarini kwenye barabara kuu ya Hokuriku, mkoani Ishikawa. Gari alilokuwamo liligongana kidogo na lori la mbele. Akashuka kutazama uharibifu, na gari jingine likamgonga. Alikuwa na miaka 56.

Mashine ya Bandai, WonderSwan, ilitoka Machi 1999 kwa yeni 4,800, haina rangi, inatumia betri ndogo moja kwa saa thelathini au zaidi, na miongoni mwa gemu zake kulikuwa na moja iliyoitwa Gunpey. Mwaka 2003 chama cha kimataifa cha wabunifu wa gemu kilimpa tuzo ya mchango wa maisha, akiwa kaburini. Wii ya mwaka 2006, dhaifu kwa nguvu kuliko washindani wake wote wawili na iliyouzwa zaidi ya milioni 100, huhesabiwa kuwa kazi ya wanafunzi wake hata pale ambapo jina lake halitajwi.

Ningetakiwa kuchagua kitu kimoja cha kumwekea makumbusho, nisingechagua Game Boy. Ile ina baba wengi, na imeshasifiwa ya kutosha. Ningeweka Lefty RX, gari lisiloweza kukata kulia, na kando yake risiti ya bei. Hakuna aliyelihitaji, wala halikubadilisha historia ya kitu chochote. Lakini ni kazi yake safi kuliko zote: aliondoa nusu ya gari, na mtoto aliyelinunua hakupungukiwa na mashindano hata moja.